Mchambuzi Aliyebaki Mezani

Kahawa nzuri haihitaji mashine. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu najua dukani watawaonyesha mtambo unaong'aa kama pikipiki mpya na kuwaambia kwamba bila huo mtaendelea kunywa maji ya matope. Waongo. Hao hao ndio wanaotuuzia unga wa kopo, uliokaangwa mpaka ukawa mkaa ili tusijue kilichokuwemo. Mimi nilikaa kwenye meza ya kuchambua kahawa tangu nikiwa msichana hadi waliponifukuza kwa ajili ya mdomo wangu, na ninachokijua ni hiki: kahawa huharibiwa na punje chache. Moja nyeusi, moja iliyooza ndani, moja iliyotobolewa na mdudu, basi, birika zima linanuka kama tambara la deki. Ukiziondoa hizo kwa mkono kabla ya moto, hata buni ya bei ya chini kabisa sokoni inakuwa kinywaji cha heshima.

Tatizo ni mkono. Mkono wa nani?

Nyumbani tuko wawili, mimi na wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu anaendesha lori la masafa marefu. Tunamwona akija kufuliwa nguo. Wifi anauza kahawa asubuhi kibarazani kwa watu wanaowahi kazini, na mimi ndiye ninayeitengeneza. Yeye ana tabasamu, mimi nina ulimi. Tuligawana kazi hivyo na hakuna aliyelalamika.

Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Buni mbichi ya mabaki, ile ambayo wanunuzi wakubwa wameitemea mate. Kikaango kizito cha chuma, moto wa wastani, mwiko usiopumzika. Punje zikianza kupasuka, subiri kidogo, uzitoe kabla hazijatokwa mafuta. Zipoze upesi kwenye ungo, upepo uondoke na makapi. Zilale hadi kesho kwenye kopo lisilofungwa sana, maana kahawa iliyotoka motoni ina hasira kama mimi, lazima itulie. Kinu ni asubuhi ile ile, si jana yake. Maji yakichemka yaepue, yapunguze jazba, ndipo uyamimine juu ya unga kwenye kitambaa cha pamba kisichojua sabuni. Hakuna siri nyingine. Kilichobaki ni kuchambua, na kuchambua kulikuwa kunanimaliza macho.

Mchana mmoja nilimwaga buni kwenye sinia, nikaliweka juu ya meza ya jikoni nikalifunika kitambaa, nikaenda uani kumsaidia wifi kuanika shuka. Tukiwa huko king'ora cha kiwanda cha kahawa, kile kile kilichonifukuza, kililia. Kiwanda siku hizi kina mashine yenye jicho la taa, inayochambua bila mama wala mtoto, lakini king'ora cha zamu ya mchana bado wanakipiga. Sijui wanamwita nani.

Niliporudi jikoni nilikuta kitambaa kimekunjwa vizuri pembeni na buni imeshachambuliwa. Mbovu zote zilikuwa ndani ya kopo la maziwa. Nzuri zilikuwa zimepangwa kwenye sinia kwa safu, kila punje imelazwa mfereji wa tumboni chini, mgongo juu.

"Wifi, asante," nikasema. "Lakini ungeniambia."

"Asante ya nini?"

"Buni."

"Wifi, nilikuwa na wewe uani. Shuka ulishika upande mmoja, mimi upande wa pili. Au jua limekupiga kichwani?"

Nikatazama zile safu.  Katika banda lote la kuchambua kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akizilaza punje namna ile. Alisema punje iliyolala chali na mfereji wake wazi inaonekana kama mdomo unaolia, na yeye hawezi kufanya kazi huku analiliwa. Mtu huyo alikuwa mama yangu, na mama yangu tulimzika zamani, kabla mdogo wangu hajaoa.

Sikusema kitu siku ile. Nilikaanga. Asubuhi wifi alimimina, na wa kwanza kunywa alikuwa Fundi Redio, jirani yetu wa kibanda cha pili, mtu ambaye kwa kawaida humeza kahawa kama dawa ya minyoo. Akapiga funda moja, akakitazama kikombe.

"Mmetia nini humu?"

"Maji," wifi akamwambia.

"Usinitanie, shemeji. Hii hainikwaruzi popote. Mkewe mwenye kiwanda hanywi kitu kama hiki."

"Basi kunywa polepole, usije ukazoea maisha ya watu."

Walicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni na kikombe changu, na kweli, tangu nizaliwe nilikuwa sijaonja kahawa kama ile. Ilikuwa safi mpaka ikaniogopesha.

Siku zilizofuata nilijaribu mambo. Niliweka buni nikakaa nayo mezani: hakuna kilichotokea. Nikatoka, king'ora kikalia, nikasimama nje ya dirisha na mgongo ukutani. Jua lilikuwa la utosi, watoto wa jirani wanapiga kelele, mtu anagonga bati. Na ndani ya jiko letu, lisilo na mtu, nikasikia: tik. Kimya. Tik. Tik. Punje mbovu zinaangukia kopo. Mwendo ule ule, usio na haraka wala uvivu, wa mwanamke aliyeamua kwamba atamaliza.

Nikamweleza wifi. Nilidhani atafungasha virago siku ile ile. Alikaa chini kwenye kigoda, akashika shavu, halafu akasema, "Mama mkwe alipokuwa hai nilikuwa mchumba tu, na hata hivyo alinisema kwamba sijui kufagia. Leo kafa, ananisaidia kazi. Niache nishukuru."

"Unashukuru nini? Yule anafanya kazi!"

"Kwani nani kamtuma?"

"Hilo ndilo ninalouliza!"

"Wifi, wewe kila kitu mgomo. Huenda anapenda tu. Huenda amekuja kutuona."

Hapo damu ilinichemka. Mimi ndiye niliyesimama juu ya sanduku katika banda lile nikidai mapumziko, nikidai maji ya kunywa, nikidai vinyago vya vumbi. Wote waliokohoa hadi wakafa nawakumbuka. Nakumbuka na viatu vyao. Leo nimekaa kwenye kiti changu nakunywa jasho la mama yangu aliyekufa na kusifia ladha? Huyo mwenye kiwanda amenizidi nini sasa?

Nikaacha kuweka buni mezani. Nikaificha chumbani, ndani ya sanduku, chini ya blanketi.

Mchana ule king'ora kilipolia, alichambua mchele. Kesho yake maharage, ingawa hayakuwa na kasoro. Tukaondoa nafaka zote jikoni, akachambua vifungo vya kushonea vya wifi, vya rangi moja na vya rangi nyingine. Tukaondoa na vifungo. Meza ikabaki tupu kabisa, nimeipangusa kwa mkono wangu. King'ora kikalia, na sisi tumeketi chumba cha pili, tunasikia kucha juu ya ubao mtupu. Kwaruu. Kwaruu. Kwaruu. Alikuwa anachambua hewa. Ilikwenda hivyo mpaka jua likageuka, na wifi, aliyekuwa akishukuru, alijifunika nguo kichwani akasema, "Mrudishie, wifi. Nakuomba, mrudishie buni yake."

Nikamrudishia. Na ndipo nilipoona alama.

Buni mbichi ina ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara. Ukiigusagusa inaacha vumbi jeupe. Mbele ya sinia, penye vumbi hilo, palikuwa na alama za mikono miwili iliyowekwa mezani viganja vikitazama juu. Ungeona vifundo vya vidole vilivyokandamiza, na kile kidole kidogo cha kushoto kilichopinda, cha mama. Wifi hakuelewa. Mimi nilielewa mara moja.

Katika banda letu hakuna mchambuzi aliyeinuka kwa kupenda. Zamu ikiisha, unaweka mikono mezani, viganja juu. Nyapara anapita nyuma ya kila mmoja, anainama, anatazama kama hukuficha punje. Asipoona kitu anasema "Safi. Inuka." Ndipo unainuka. Ukiinuka kabla, ni mwizi. Ukikutwa na punje, unabaki umekaa, wenzako wote wanapita wanakutazama, mpaka atakapojisikia kukuachia. Watu wamekojoa kwenye mabenchi yale.

Siku ya mgomo nilipopanda juu ya sanduku nikasema "Inukeni wenyewe!", waliinuka wote. Banda zima. Sauti ya mabenchi ilikuwa kama mvua ya mawe. Aliyebaki ni mmoja. Nilimfuata, nikamshika bega, nikamwambia mama, twende. Akanijibu bila kuacha kuchambua, "Wewe si nyapara. Nitainuka nikiambiwa." Alikuwa ameolewa kwa kuambiwa, amehama kwa kuambiwa. Nyapara naye alikuwa mlangoni, anatuona. Angemwambia neno moja tu. Akageuka akaenda kuwaita askari, na hakurudi bandani siku ile. Askari walipotuachia sisi wengine, jioni, nilikwenda kumchukua mama. Alikuwa amelaza kichwa kwenye sinia. Mikono yake ilikuwa mezani, viganja juu, imeshapoa.

Kwa hiyo mchana ule nilisimama nyuma ya kigoda kilichokuwa kitupu mbele ya sinia, nikainama juu ya zile alama, nikasema kwa sauti yangu yote, "Safi, mama. Inuka."

Hakuna kilichobadilika. Kesho yake alichambua tena, akaweka mikono tena. Nikasema tena. Nikabembeleza. Nikafoka. Mimi si nyapara.

"Basi mlete aliye nyapara," wifi akasema.

"Nilishaapa sitasema na yule mtu mpaka mmoja wetu aingie kaburini."

"Mmoja wa kwenu ameshaingia, na hatulii. Kiapo chako na mama yako, kipi kizito?"

Wifi ana tabasamu, nilisema. Sikuwaambia kwamba tabasamu lile lina meno.

Nyapara alikuwa anaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Nilimkuta kwenye kiti mlangoni, amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa, kofia yake ya kazini bado kichwani. Sikumpa shikamoo yake.

"Kipaza," akasema. Ndilo jina walilonipa bandani. "Bado una sauti?"

"Na kumbukumbu pia. Unamkumbuka mama yangu?"

"Meza ya dirishani. Mkono mwepesi. Hakuwahi kukutwa na punje."

"Bado amekaa."

Nilimweleza yote, nimesimama, sikukubali kiti. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Alivua kofia, akaigeuza geuza.

"Siku ile nilisahau," akasema.

"Hukusahau. Ulimwona ukaondoka."

"Mlikuwa mnatupa mawe, Kipaza."

"Yeye alitupa jiwe gani?"

 Huko karakanani cheche zilikuwa zinaruka. Hatimaye akauliza, "Unataka nini kwangu?"

"Neno lako. Lile ulilokuwa ukituuzia kila jioni."

"Na nikikataa?"

"Nitamleta hapa na sinia lake. Nadhani atakuja. Wewe ndiye anayekusubiri."

Alivaa kofia akainuka.

Tulifika nyumbani kabla ya king'ora. Wifi alimpa kahawa, kwa sababu ni mgeni, na akamkodolea macho, kwa sababu ni yeye. Nyapara alikunywa taratibu. "Nzuri," akasema. "Unajua, miaka yote ile mimi nilikuwa nakunywa chai."

"Tulijua," nikasema. "Tulikuwa tunakucheka."

King'ora kikalia. Nilidhani ataanza tukitoka, kama ilivyokuwa siku zote, lakini mara hii hakujali kama tupo. Mbele ya macho yetu watatu punje zikaanza kusogea. Hukuona mkono. Uliona punje nyeusi inatengwa na wenzake, inateleza juu ya sinia, inaanguka: tik. Nzuri zinageuzwa, mfereji chini, moja baada ya nyingine. Jikoni kulikuwa na jua tele, nzi anazunguka bakuli la sukari. Wifi alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Nyapara alikuwa amesimama nyuma ya kigoda, mahali pake pa siku zote, mikono nyuma, na nikaona kwamba midomo yake inasogea. Alikuwa anasema kitu kimya kimya, pengine dua.

Punje ya mwisho ikalala kwenye safu. Vumbi mbele ya sinia likatulia, halafu likabonyea. Vifundo, vidole, kile kidole kilichopinda.

"Haya," nikanong'ona. "Sema."

Nyapara akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Si safi," akasema.

"Unasemaje?"

"Kuna punje."

Nikasogea. Kwangu hakuwahi kuonyesha kitu, siku zote nilizotazama. Lakini sasa juu ya alama ya mkono wa kulia palikuwa na punje moja ya buni, nene, ya kijani kibichi, isiyo na doa, nzuri kuliko zote zilizokuwa kwenye sinia. Haikugusa meza. Ilikuwa imeelea juu kidogo, unene wa kiganja.

Mama yangu. Ambaye hakuwahi kukutwa. Ambaye alituchapa sisi watoto kwa kuokota punje zilizomwagika barabarani, na jioni akatuchemshia makapi na vumbi la sakafuni akaliita kahawa. Alikuwa amekaa pale miaka yote ameshika punje moja nzuri ya kupeleka nyumbani, na alikuwa akimsubiri mtu mmoja aione.

"Mwenye punje hainuki," nyapara akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Ndivyo ilivyokuwa. Airudishe kwanza. Mwambie airudishe."

"Hairudishi."

"Basi niichukue."

"Jaribu kuigusa," wifi akamwambia, polepole, "nikuvunje huo mkono."

 Nilimsogelea mzee sikioni. Sikupaza sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na haja ya kupaza.

"Mgomo haujaisha, nyapara. Tulirudi kazini siku zile kwa njaa, lakini haukuisha. Dai lililobaki ni moja. Aondoke nayo, na wewe uone, na useme ni safi."

"Sijawahi."

"Najua."

Nje, mtu alikuwa akiuza mifagio, anaita nyumba kwa nyumba. Alitupita, akafika mbali, sauti ikapotea. Mikono ilikuwa bado pale. Punje ilikuwa bado pale, haitikisiki hata kidogo. Mkono wa mama haukuwahi kutikisika.

"Safi," nyapara akasema. Akavua kofia. "Safi. Inuka, mama."

Punje ikapotea, jinsi kitu kinavyopotea ngumi ikifungwa. Kigoda kikasukumwa nyuma kwa mlio wa mtu aliyekaa sana. Kitu kilipita kati yangu na wifi, cha baridi, chenye harufu ya magunia, na kikasimama. Nadhani kilisimama mbele yangu. Niliona nywele za wifi zinapepea kidogo, na hapakuwa na upepo. Halafu pazia la mlangoni likafunguka kuelekea nje, likarudi, likatulia.

 Wifi alianza kulia bila sauti, akajifuta, akachukua kopo la mbovu akaenda kulimwaga uani. Nilimsikia huko akipenga makamasi. Kesho tungelazimika kuchambua wenyewe, na kahawa isingekuwa ile, na Fundi Redio angesema. Aseme.

Nilipogeuka, nyapara alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama. Kofia ameiweka pajani. Mikono yake miwili ilikuwa mezani, viganja juu, imekunjamana, mitupu, inatetemeka katika lile vumbi jeupe. Hakunitazama. Alikuwa anatazama ukuta mbele yake, kama sisi tulivyokuwa tukitakiwa kutazama.

Wifi alirudi, akasimama mlangoni na kopo tupu.

"Huyu mzee mbona haondoki?"

"Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikajimiminia kahawa iliyobaki kwenye birika. Ilikuwa bado ya moto.

"Aambiwe," nikasema. "Na mimi bado sijaamua."